TLINK inagoma kulinki programu yenye ovalei kwenye DOS: pa kuanzia

Mkuu, umesema unatumia Borland C++ 3.1 na TLINK, linka yake inayounganisha faili za OBJ kuwa EXE, inakupa "Fixup overflow" pamoja na "Undefined symbol". Hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Anza na modeli ya kumbukumbu. Ovalei (vipande vya programu vinavyopakiwa kutoka diski vikihitajika) za VROOMM, mfumo wa ovalei wa Borland, zinakubali modeli za medium, large na huge tu, maana kila mwito unaoingia kwenye ovalei lazima uwe far, yaani unaoweza kufika segmenti nyingine; near hubaki ndani ya segmenti hiyohiyo. Futa OBJ zote za zamani, halafu kompaili upya (-ml ni modeli ya large):

bcc -ml -Y -c main.c skrini.c
bcc -ml -Yo -c menu.c ripoti.c

-Yo ni ya moduli zinazoingia kwenye ovalei, -Y ni ya zile zinazobaki kwenye kumbukumbu muda wote. Kishughulikia intarapti usikiweke kwenye ovalei hata kidogo.

Kwenye "Fixup overflow", soma jina linalofuata "target =". Likiwa la maktaba, mfano _strcpy, umechanganya modeli: kuna OBJ ya -ms (small) imebaki mahali, au umeita CS.LIB (maktaba ya small) badala ya CL.LIB (ya large). Likiwa la kwako, kuna mtu anakiita kitu cha far kama near. Mara nyingi ni asembla. Ukiandika .MODEL SMALL, basi EXTRN _chora:PROC inahesabiwa near, na anwani ya baiti 2 haifiki segmenti nyingine. Weka .MODEL LARGE. Na rutini yoyote ya asembla inayoita ovalei ianze hivi:

push bp
mov bp, sp

Meneja wa ovalei hufuata mnyororo wa BP (rejista inayoonyesha fremu ya kila mwito) kwenye staki ili arekebishe anwani za kurudi. Ukiiacha mistari hiyo TLINK haitasema kitu, ila mashine itaganda huko mbele, na utahangaika na C yako bure.

"Undefined symbol" yenye jina ambalo hukuliandika: OVERLAY.LIB haipo. Iweke kabla ya CL. Jina likianza na @ na lina $q ndani yake, hilo ni la C++ linalotafuta funksheni ya C. Zungushia heda yako extern "C".

Amri ikizidi urefu ambao DOS inaruhusu, tumia faili la majibu, tuseme prog.lnk (c0l ni OBJ ya kuanzishia programu; zilizo kati ya /o na /o- ndizo za ovalei; grafu ni moduli nyingine ya kawaida):

c0l main skrini +
/o menu ripoti /o- +
grafu
prog
prog
overlay cl

Kisha: tlink /c /m /s @prog.lnk

Angalia hizo alama za +. Ukiisahau moja, TLINK inadhani orodha ya OBJ imeisha na mstari unaofuata ndio jina la EXE, na hapo unapata mvua ya "Undefined symbol" isiyo na kichwa wala miguu. Ramani ya /s itakuonyesha kila segmenti ilipoangukia.

Ukikutana na "Group DGROUP exceeds 64K" (DGROUP ni kundi la segmenti za data ya near), ovalei hazitakusaidia, zinahamisha msimbo tu, si data. Jaribu -Ff ili data kubwa ihamie far, na -d iunganishe maandishi yanayojirudia.

Ikishalinki lakini inasuasua kwa kusoma diski, ongeza bafa nje ya funksheni zote: unsigned _ovrbuffer = 0x1000; Kipimo ni aya za baiti 16, kwa hiyo hiyo ni KB 64.