GPA yangu ni 4.1 na napenda hisabati ya nadharia, nafikaje PhD?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma BSc na ualimu hapa Mwanza, mwaka wa tatu, GPA 4.1. Kilichonikamata ni abstrakti aljebra, nataka niwe lekcha na mtafiti wa hisabati ya nadharia kabisa, sio takwimu. Nyumbani Igoma wanasema nimalize nisubiri ajira. GPA hii inatosha? Na nianze na nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, nimefurahi sana kupata swali hili, huku kwetu wanaouliza kuhusu aljebra ni wachache mno.

GPA kwanza, ni fupi. Kuwa TA (msaidizi wa kufundisha) chuo cha hapa nyumbani wanataka kuanzia 3.8 juu ya 5 kwenye digrii ya kwanza, na ukimaliza masta wanataka 4.0 ndo uwe assistant lekcha. Kwa iyo uko ndani, usiishushe tu.

Ila GPA haisemi kama unajua kuthibitisha, na PhD ya nadharia ni kuthibitisha tu asubuhi mpaka jioni. Nina vijana watatu tunakutana Jumamosi Nyegezi, ubao mmoja na chaki. Juzi mmoja akaandika n² + n + 41, akaanza kuweka n = 0 anapata 41, n = 1 anapata 43, n = 2 anapata 47, zote namba tasa, akaendelea na kikokotoo mpaka 20 alafu akaandika chini "kwa hiyo daima ni namba tasa". Nikamwambia endelea. Akafika 39, bado tasa! Mara arobaini mfululizo imekubali, yani hata mtu mzima anashawishika, kufika n = 40 ikatoka 1681 ambayo ni 41 mara 41. Alikaa kimya anaangalia ubao muda mrefu, na mimi sikumsemesha maana hapo ndo alikuwa anajifunza kitu ambacho mitihani yetu haijawahi kumuuliza. Sisi tunafundishwa kukokotoa, unapata A ya kukokotoa, ukifika nje unakutana na rial analisisi na topolojia ambako hakuna cha kukokotoa na unajiona mjinga wakati sio mjinga, hujazoeshwa tu.

Kwa iyo kazi yako kuanzia sasa ni kuandika thibitisho na kumpata mtu wa kuzisoma mstari kwa mstari. Ukiandika "ni wazi kwamba" akuulize wazi kwa nani. Mtu huyo huyo ndo atakuandikia barua ya kukupendekeza, na barua ndo inabeba maombi yako, kwa sababu "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" haimsaidii mtu, ila "alithibitisha hili peke yake akapata na njia fupi kuliko yangu" hiyo inasomwa mara mbili. Me rasimu yangu ya masta ilikaa mwaka mzima kwa msimamizi bila kufunguliwa, usikubali hilo, tafuta msomaji wa pili mapema.

Njia zenyewe: kuna AIMS (taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati), ilianza Cape Town 2003 na saivi ipo mpaka Kigali, masta ya kama mwaka mmoja na wanagharamia. Kuna ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) kule Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam 1964, wana diploma ya mwaka mmoja ya hisabati kwa watu wa nchi kama zetu, nayo wanalipa wao, na ni daraja zuri sana kwenda PhD. Marekani unaweza kuomba PhD moja kwa moja na digrii ya kwanza, miaka mitano sita hivi, wanakulipa huku unafundisha. Ujerumani wanataka masta kwanza ila nafasi nyingi za PhD ni ajira yenye mshahara.

Kuhusu nyumbani, mama yangu anauza dagaa Kirumba mwaloni, nilipomwambia nasoma tena miaka mingine aliuliza tu "inalipwa na nani?" Hilo ndo swali la kuuliza kila ofa, na PhD ya nadharia ya kujilipia mwenyewe siishauri kwa mtu yeyote. Cheti cha ualimu maliza, kufundisha sekondari mwaka mmoja huku unaomba hakuharibu kitu. Ila majarida yanayodai hela yakutolee pepa kwa wiki moja yakimbie, kwenye nadharia pepa moja kukaguliwa mwaka mzima ni kawaida na pepa za kusoma zipo bure kwenye tovuti ya arXiv.

Anza na hili leo: kundi (group ya aljebra) ambalo kila memba ukimzidisha kwa mwenyewe unapata identiti (memba asiyebadilisha kitu ukizidisha naye), thibitisha kwamba kwa memba wowote a na b, ab na ba ni kitu kimoja. Mistari mitatu inatosha. Usianze na mifano, andika kwa mkono, piga picha unitumie, nitakusahihishia.