Bomba la maji kwenye mtaa wa mabanda: mdai vipi?

Umeuliza mfanyeje ili mtaa wenu wa mabanda upate bomba la maji, ilhali diwani huonekana huko msimu wa kura tu. Msingoje uchaguzi. Pelekeni ombi lenu liingie kwenye bajeti ya halmashauri kabla haijapitishwa, kwani baada ya hapo fedha huwa zimeshagawanywa. Anzeni kuhesabu wenyewe: kaya ngapi, mabomba mangapi, vyoo vingapi vinavyofanya kazi, kwani takwimu rasmi mara nyingi huwaruka wapangaji. Ombi liwe moja, kwa maandishi, nakala mbili. Nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wenye tarehe na ofisi inayopokea ombi, la sivyo mtaambiwa halikupokelewa. Mikutano iwe jioni, maana kibarua akikosa siku amekosa chakula. Na tafadhali, wapangaji wawemo kwenye kamati. Wenye nyumba wakibaki peke yao, bomba litaishia uani kwao na maji mtauziwa.