Uliza Fundi: Nyundo za piano ya 1926, nibadilishe au nisugue?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Minnesota, kanisa letu limepewa piano ya Steinway Model M ya 1926 lakini sauti yake inakera, kali kama mtu anagonga sufuria. Fundi mmoja kasema nyundo zote 88 zitoke, mwingine kasema zisuguliwe tu. Mtandaoni nimeona seti bei chee, je naweza kubandika mwenyewe kwa supagluu? – Mwalimu wa Kwaya

JIBU: Mwalimu, supagluu iweke mbali, itakauka kabla hujainyoosha nyundo na hapo ndo imeshaganda upande.

Kwanza ziangalie vizuri. Ile felti nyeupe, yaani sufu iliyoshindiliwa inayofunika kichwa cha nyundo, ikigonga nyuzi miaka na miaka inachimbika mifereji na inashindiliwa, ndo maana sauti inakuwa kali. Kama felti bado nene inasuguliwa, fundi anabandika msasa kwenye kijiti anavuta toka mabegani mwa nyundo kuelekea kichwani mpaka umbo la yai lirudi. Ila angalia zile za sauti nyembamba kabisa mwisho wa kulia, pale felti huwa kidogo tangu kiwandani, ukiona mbao inakaribia kuchungulia basi hakuna cha kusugua tena, hapo namuunga mkono yule fundi wa kwanza.

Sasa seti ya bei chee ndo siipendi, na sababu ni uzito. Kibonye unachobonyeza kwa kidole kinashuka kama milimita 10 tu lakini nyundo inaruka kama 45, kwa hiyo gramu moja ukiongeza kwenye nyundo, kidole kinaisikia kama gramu tano hivi, na piano za miaka ile zilikuwa na nyundo nyepesi kuliko nyingi za leo, ukifunga nzito mpiga piano wenu atachoka kabla ya wimbo wa tatu halafu mtasema piano mbovu. Watengenezaji wapo, Ronsen wa Marekani, Abel na Renner wa Ujerumani, wapelekee sampuli za nyundo zenu za zamani wapime uzito, urefu na tundu la kile kijiti kinachoshika nyundo. Msitupe hata moja!

Na nyuzi je? Kama zina kutu badilisheni hizo kwanza, nyundo mpya kwenye nyuzi zilizokufa ni hela ya bure.

Ukitaka kuchungulia ndani mwambie fundi aivute mashine yote, yaani vibonye pamoja na nyundo zake, nje, wewe usijaribu, maana ukigusa kibonye kimoja wakati inatoka nyundo inanyanyuka inakatika shingo. Zikishafungwa usishtuke sauti ikiwa imefifia au imekuwa kali tofauti, felti laini fundi ataipa laka kidogo ikaze, ngumu ataichoma sindano ilainike, halafu muipige wiki kadhaa ndo mumwite tena aisawazishe.