Kutoa linki kwa rejeksi: taja kisichotakiwa

Faili likiwa na mamia ya linki, usizinakili moja moja. Kihariri matini chochote cha maana kinakubali rejeksi (regex, yaani ruwaza ya kutafutia maandishi) kwenye kisanduku cha kutafuta. Kwenye VS Code, bofya kitufe chenye alama ya .* basi.

Kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti, linki hukaa ndani ya href. Wengi huanza na href="(.*)". Mimi siigusi. Nyota (*) ni mlafi: haisimami kwenye alama ya nukuu iliyo karibu, inakwenda hadi ya mwisho kwenye mstari. Mstari ukiwa na linki mbili, utaletewa kipande kimoja kirefu chenye linki zote mbili pamoja na takataka za katikati. Andika hivi:

href="([^"]*)"

Kofia (^) ikitangulia ndani ya mabano ya mraba maana yake ni "isipokuwa". Kwa hiyo: chukua herufi yoyote isipokuwa alama ya nukuu. Wapo wanaotumia .*? na mara nyingi inatosha, ila ukiongeza kitu baada ya nukuu ya kufunga, kwa mfano class, inaweza kuruka nukuu na kuingia linki ya jirani bila kukuaga.

Linki zilizoandikwa wazi ndani ya sentensi ndizo zenye kero. https?://[^\s<>"]+ inazipata (\s ni nafasi tupu), lakini linki ikimalizia sentensi, nukta nayo inabebwa. Dawa yangu ni kuibana herufi ya mwisho:

https?://[^\s<>"]*[^\s<>".,;)]

Linki chache huishia kwa mabano kihalali, na hizo zitakatwa mkia. Nazirekebisha kwa mkono. Ruwaza ya kuzikamata zote inakuwa ndefu hadi hata mwenyewe huielewi wiki ijayo.

Kugeuza linki za Markdown, zinazoandikwa [maneno](anwani), kuwa HTML ni rahisi zaidi. Tafuta \[([^\]]+)\]\(([^)]+)\) kisha badilisha na <a href="$2">$1</a>. $1 ni kilichokamatwa na mabano ya kwanza, $2 ya pili. Kabla ya kubadilisha zote, pitia zilizong'arishwa, hasa ndefu kuliko wenzake. Ndizo zilizomeza jirani.

Kurasa za HTML za watu wengine, zenye nukuu moja hapa na zisizo na nukuu kabisa pale, ziachie html.parser, moduli ya Python ya kusoma HTML.

Kwa watu wa kihariri cha Vim: ukianza ruwaza kwa \v ili mabano yafanye kazi kama kwingineko, alama ya = nayo inageuka kuwa "ipo au haipo". Andika href\=" la sivyo hupati hata linki moja.