Doa la kisiginoni na uvimbe wa ini

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Ami yangu wa Wete, miaka 54, ana uvimbe mmoja wa sentimita 7 upande wa kulia wa ini. Homa ya ini B na C hana. Kipimo cha nyama kimesema melanoma, ile saratani ya chembe zinazoipa ngozi weusi. Ngozi yake safi, ila kisiginoni alikuwa na sugu nyeusi, mganga akaichoma dawa miaka mitatu nyuma ikapona. Tunaambiwa saratani imeanzia inini, apasuliwe haraka. Tumvushe Dar?

JIBU: Waalaykum salaam. Jibu limo ndani ya hiyo "ila" yako.

Melanoma iliyoanzia inini ipo, lakini ni adimu mno, na jina hilo hutolewa mwisho, baada ya kutafuta kwengine kote na kukosa. Kwa kawaida inini imefikia tu, imeletwa na damu.

Basi kabla ya kisu, kovu la kisigino lichukuliwe nyama. Zikaguliwe nyayo, viganja na kucha, kinena kipapaswe kutafuta mitoki. Daktari wa macho amtie dawa ya kutanua mboni aangalie nyuma ya jicho. Tochi haitoshi, kwani melanoma ya jicho huweza kuibukia inini miaka mingi baada ya jicho kutolewa. Kamera ipite puani na njia ya haja kubwa. Siti skani ya kifua, tumbo na nyonga, na emarai (MRI) ya kichwa. Nyama ya ini nayo ipimwe kwa alama za kuitambua melanoma, yaani S-100, HMB-45 na Melan-A, maana weusi peke yake si ushahidi: nyongo na madini ya chuma hufanana nao, na melanoma nyengine haina weusi kabisa.

Kote kukiwa safi, upasuaji una maana: uvimbe utolewe mzima pamoja na ukingo wa nyama isiyougua, na ini linalobaki lisipungue asilimia 25 hadi 30, likiwa na makovu, 40. Chanzo kikiwa kisigino, kukata ini peke yake mara nyingi hakumsaidii. Hapo huulizwa dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumab, na bei yake.

"Sisi weusi hatupati melanoma." Nimechoka kuisikia. Tunaipata, tena pale pasipo weusi mwingi: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu. Maji ya betri na wembe wa waganga huondoa la juu tu. Kidonda hufunga, watu wakashukuru, na chini ugonjwa unaendelea. Na wenye makoti meupe msicheke: wapo wanaokata doa kwa ganzi kisha nyama ikaenda ndooni. Nyama yoyote iliyokatwa iingie fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake, chupa ya mdomo mpana yenye jina la mgonjwa. Si spiriti, si maji ya chumvi.

Kabla hamjapanda boti, muulizeni mganga doa lilikuwa kubwa kiasi gani na kama lilikuwa likitoka damu. Na maabara iwape vile vipande vya nta vyenye nyama ya ini. Karatasi ya majibu haiwezi kupimwa upya.