Mkuu, usilipie huo ukumbi kabla hujaandika watu wanatoka wapi

Mleta uzi, simamisha hayo malipo ya Ijumaa. Nimesoma swali lako lote. Mkutano wa kanda, watu 600, Zanzibar. Unauliza mifuko ya washiriki iwe ya katani au ya turubai, ratiba ichapwe au iwekwe kwenye simu, mpishi apatikane wapi, na kila mshiriki apandiwe miti mingapi ili mkutano usichafue mazingira. Halafu katikati umepitisha sentensi moja kimyakimya: "safari ni juu ya washiriki wenyewe, haziingii kwenye hesabu yetu." Hiyo sentensi naijua. Kamati yetu ya maandalizi iliambiwa hivyo hivyo na mshauri elekezi tuliyemlipa hela nzuri, na ndiyo iliyotuponza.

Safari ndizo zinazoingia kwanza. Mkutano wa mwaka wa American Geophysical Union, chama cha Marekani cha wanasayansi wa dunia, uliofanyika San Francisco mwaka 2019 ulikusanya watu kama 28,000. Hesabu iliyochapishwa kwenye jarida la kisayansi la Nature mwaka uliofuata ilionyesha kuwa safari zao tu za kwenda na kurudi zilitoa takriban tani 80,000 za gesijoto, karibu tani tatu kwa kila kichwa. Hapo hakuna chupa ya maji wala karatasi iliyohesabiwa. Na robo tatu ya mzigo huo ilitoka kwa waliosafiri zaidi ya kilomita 8,000 kufika, ambao walikuwa kama theluthi moja tu ya watu wote. Mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa mwaka 2021 nao ulikadiriwa mapema kutoa tani 102,500, na kama asilimia 60 yake ni ndege za kimataifa. Waandaaji wa Glasgow hawakusema ndege ni za washiriki wenyewe. Waliziweka kwenye hesabu yao, kwa sababu wao ndio walioita watu.

Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa zaidi ya kilo tatu za hewa ukaa, maana kaboni ya mafuta inashikana na oksijeni ya hewani. Zidisha kwa usiku mzima wa kutoka Ulaya hadi huku. Mtu mmoja wa daraja la kawaida, kwenda na kurudi, anapita tani moja bila shida. Akikaa daraja la biashara anabeba karibu mara tatu ya hapo kwa sababu kiti chake kinachukua nafasi ya watu kadhaa. Sasa wewe unaniuliza mifuko ya katani! Huko ni kuziba tundu la sindano wakati pipa halina kitako.

Nikueleze yetu ilivyokuwa.

Chama chetu ni cha watu wa kanda ya maziwa kwa sehemu kubwa. Wanachama wetu wengi wako Kampala, Kigali, Mwanza, Bukoba, Bujumbura na Bukavu, na wachache Dar na Nairobi. Tukachagua mji wa pwani. Kwa nini pwani? Kwa sababu mwenyekiti alipenda, hoteli zilitupa punguzo, na mshauri alituhakikishia kwamba "uendelevu wa mkutano" unapimwa ndani ya ukumbi. Akatuletea orodha yake ya kukagua: chupa za plastiki, taka za chakula, umeme wa jenereta, mabango, mifuko. Orodha nzima haikuwa na sehemu hata moja ya kuandika mtu anatoka mji gani. Tukasaini mkataba wa ukumbi, tukalipa kianzio kisichorudishwa, tukashika vyumba.

Usajili ulipofungwa, kijana mmoja wa sekretarieti, kwa hiari yake, akakaa na jedwali la tiketi akaanza kuandika kila mtu kapitia wapi. Akaniita nione. Mshiriki wa Bukavu alitakiwa kuvuka mpaka kuingia Rusizi, kupanda gari hadi Kigali, kuruka hadi Nairobi, kungoja, halafu kuruka tena hadi pwani. Kumbe mkutano ungekuwa Kigali angeingia ukumbini siku hiyo hiyo kwa gari tu. Wa Mwanza aliruka hadi Dar akabadili ndege. Kama mkutano ungekuwa Kigali angepanda basi kupitia Rusumo. Wa Kampala, hivyo hivyo, basi la usiku lingemtosha. Tuliteremka lile jedwali mstari kwa mstari na karibu kila mstari ulikuwa na ndege mbili pale ambapo palitosha basi moja. Na safari fupi za ndege ndizo mbaya zaidi kwa kila kilomita, kwa kuwa kupaa ndiko kunakokula mafuta kwa pupa.

Tungeweza kuhama? Hapana. Kianzio kimeshaliwa, vyumba vimeshikwa, tiketi nyingi zimeshakatwa. Mshauri tulipompigia alituambia tusijali, miti itafidia. Naandika haya na hasira bado ninayo. Mtu huyu alijua. Kazi yake ilikuwa kujua! Lakini aliyeuza ushauri ndiye aliyetuuzia miche, na miche haiuziki kwa kamati iliyopunguza safari. Mwisho akatukabidhi cheti chenye jani la kijani, tukakitundika jukwaani nyuma ya mgeni rasmi. Mfadhili wetu alipoomba ripoti ya gesijoto, swali lake la kwanza lilikuwa safari za washiriki ziko ukurasa gani. Hazikuwa popote.

Ngoja niseme kuhusu hiyo miti, kwa sababu umeiulizia kwa imani na ndipo utakapopigwa mara ya pili. Siku ya mwisho ya mkutano maji yalikupwa, tukateremka ufukweni na fulana zetu mpya, kila mtu na mche wake wa mkoko ndani ya kiriba. Picha zikapigwa. Alikuwepo mvuvi mmoja mzee anashona wavu, akatuambia pale mbele panapopigwa na mawimbi huota mlilana, jamii nyingine ya mikoko, mkoko wenyewe hukaa nyuma yake kwenye tope lililotulia, na kwamba miche ile haitashika. Aliyesimamia upandaji akamjibu kwamba mpango umeshapitishwa. Niliporudi baadaye nilikuta viriba. Plastiki nyeusi, imenasa kwenye mchanga, ndiyo iliyobaki imesimama. Katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, sisi watu wa mazingira tukaenda kuipanda ufukweni.

Na hata miche ingeshika, hesabu haikutani. Ndege inatoa mzigo wake usiku mmoja, mti unaufyonza kwa miongo, ukiponea mbuzi, shoka na ukame. Kuhusu kununua fidia kwa pesa, yaani kulipia mradi wa misitu ili ufute mzigo wako, watafiti walioandika kwenye jarida la Science mwaka 2023 walichunguza miradi 26 ya kuzuia ukataji misitu katika nchi sita, Tanzania ikiwamo, wakakuta mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi ilichodai. Sisemi yote ni utapeli. Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, Kenya, ni mradi wa wanakijiji wenyewe, wanalinda hekta 117 za mikoko na hela inaingia kwenye maji na shule zao. Nauheshimu sana. Lakini angalia ukubwa wake: unauza fidia ya takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Ule mkutano mmoja wa San Francisco ungemeza kazi ya Gazi ya zaidi ya miaka 25. Mikoko yote hiyo, tope lote hilo, ulinzi wote huo, kwa wiki moja ya watu kusikiliza mada. Ukitaka kuwachangia Gazi wachangie kwa sababu wanastahili, usiwatumie kama kifutio cha tiketi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: orodha ya miji kwanza, mji wa mkutano baadaye. Usiguse ukumbi, usiguse tarehe, usizungumze na hoteli, kabla hujaandika kwenye karatasi kila mshiriki unayemtarajia anatoka wapi na atafikaje. Unayo orodha ya mkutano wenu uliopita, anzia hapo. Chukua miji mitatu, minne inayoweza kuwapokea, kisha kwa kila mji uliza swali moja: ni wangapi wanaweza kufika bila ndege, na ni wangapi watabadili ndege njiani? Kama wengi wenu ni wa Nairobi, Moshi na Dar, Arusha ina AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, na mabasi kutoka pande zote, na kutoka Nairobi ni nusu siku kupitia Namanga. Kama ni wa Dar, Morogoro na Dodoma, treni ya umeme ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, na ni aibu mtu kuruka juu yake. Kama ni wa Uganda na Rwanda, huku kwetu hamna kazi, nendeni Kampala au Kigali. Zanzibar ni nzuri, naipenda, lakini ni kisiwa. Atakayefika bila ndege atapanda boti, na zile boti za kasi nazo zinakunywa mafuta. Isipokuwa washiriki wako wengi wawe Wazanzibari, umeanza na hasara.

Wanaobaki ni wa mbali. Humu jukwaani kuna wanaosema tuweke kila kitu kwenye skrini, yaishe. Sikubali. Mtafiti kijana wa Bukoba anayekutana kwa mara ya kwanza na msimamizi wake mtarajiwa kwenye chai ya saa nne hawezi kupata hilo kwenye skrini, na watu wetu wameshanyimwa viza za kutosha kwenye mikutano ya wenzao, tusiwafungie na ya kwetu. Anayepaswa kubaki kwake ni yule mtoa mada mkuu anayeruka bara zima daraja la biashara kusema kwa dakika 20 na kuondoka jioni. Sisi tulikuwa naye. Alisoma slaidi. Ile hesabu ya San Francisco ilionyesha kwamba kuhamishia mkutano Chicago kungepunguza mzigo kwa asilimia 12 tu, lakini kama wale wa mbali zaidi, theluthi moja na ushei, wangeshiriki kwa mtandao, ungepungua kwa asilimia 76. Kwao wahudhuriaji walitoka kila pembe ya dunia, ndiyo maana mji haukusaidia sana. Mkutano wa kanda kama wako mji unasaidia, kwa kuwa tofauti ni kati ya basi na ndege.

Na usidanganyike kwamba watu watakubali skrini kwa kupenda mazingira. Kwetu kuna posho. Anayekaa mbele ya kompyuta hapewi posho, halali hotelini, na bando ananunua mwenyewe, halafu tunashangaa anadai lazima aje. Tengeni fungu: lipieni bando, na pale penye washiriki wengi wa mbali tafuteni chumba cha mikutano chenye intaneti ya uhakika, wakae pamoja, wapate chai na chakula na nauli ya mjini. Waliokusanyika hivyo huuliza maswali, tofauti na aliye peke yake sebuleni na watoto. Itawagharimu chini ya tiketi.

Jambo jingine, mkutano wa kila mwaka ni wa nini? Kamati yenu ijibu hilo kabla ya lolote. Mkikutana mwaka mmoja na kupumzika mmoja mmeshakata karibu nusu, bila kumshauri mtu yeyote na bila kununua mche.

Chupa: wekeni madumu makubwa na vikombe vya kuoshwa. Hayo mengine ya mifuko mtaamua wenyewe.

Sasa fanya hivi. Toa majina kwenye orodha yako ya usajili, bakiza miji na idadi ya watu, iweke hapa leo usiku. Nitaandika pembeni kilomita na usafiri kwa Zanzibar, Arusha na Kigali, na wenye uzoefu wa mabasi ya Kampala na Bujumbura humu ndani watanisahihisha. Kesho asubuhi mpigie mwenye ukumbi umwombe akushikie wiki moja zaidi bila malipo. Na kama ulishalipa chochote ukaogopa kukiandika kwenye uzi, sema ni kiasi gani na mkataba unasemaje juu ya kurudishiwa, maana hapo itabidi tupange upya nani aje na nani abaki.