Usiiuze simu yako kwa uvumi wa chaja

Dada yangu, umeuliza kama uiuze iPhone 14 yako kwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji mmoja hapo Mwembe Tayari amekwambia kwamba Ulaya imepiga marufuku chaja yake. Tafadhali usiiuze. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, inawataka watengenezaji waweke tundu la chaja la USB-C, ile aina inayotumiwa na simu nyingi lakini iPhone 14 haina, kwenye simu mpya zinazoingia soko la Ulaya, wala haigusi simu uliyo nayo mkononi hapa Mombasa. Kumtia mteja hofu ili auze kwa hasara ni dhuluma, nami inaniudhi sana.

Ikiwa haishiki chaji vizuri, izime, kisha chokoa tundu taratibu kwa kijiti cha meno. Langu nililikuta limejaa nyuzi za leso.